Kalamu ya wino yenye nibu inayorudi ndani: dalili za hitilafu, chanzo chake, na jinsi ya kuchagua

Kalamu ya wino ya kawaida hufungwa kwa kifuniko, na kifuniko hicho ndicho kinachozuia wino usikauke kwenye nibu, yaani ile ncha ya madini inayoandika. Kalamu ambayo nibu yake hutoka na kurudi ndani haina kifuniko. Badala yake ina kilango kidogo ndani ya mdomo wake, ambacho nibu hukisukuma inapotoka, na ambacho springi hukifunga nibu inapoingia. Karibu kila lalamiko ninaloletewa hapa Lamu kuhusu kalamu hizi hurejea kwenye moja kati ya sehemu tatu: kilango hicho, kibanio cha mfukoni kilichowekwa upande wa nibu, au hifadhi ndogo ya wino iliyomo mwilini. Kwa kuwa zote tatu huamuliwa siku ya kununua, mwongozo huu unamfaa mwenye kalamu inayomsumbua na pia yule ambaye bado hajatoa pesa zake.

Haja ya kalamu hii inaeleweka kwa yeyote anayeandika nje ya meza. Karani anayehesabu magunia yanayoteremshwa gatini wakati wa kusi hushika daftari kwa mkono mmoja ili upepo usilifunue, na mkono wa pili ndio pekee unaobaki wa kufungua kalamu na kuandika. Kampuni ya Pilot ya Japani ilitoa kalamu yake iitwayo Capless mwaka 1963, na mpaka leo ndiyo ambayo nyingine hupimwa nayo. Ndugu yake mwembamba ni Decimo. Lamy ya Ujerumani ilitoa Dialog 3, ambayo nibu yake hutolewa kwa kuzungusha mwili badala ya kubonyeza. Platinum, nayo ya Japani, ilileta Curidas mwaka 2020, yenye mwili wa plastiki na nibu ya chuma. Kutoka China kuna Majohn A1, iliyofuata umbo la Capless kwa bei iliyo ndogo zaidi.

Kalamu haianzi kuandika baada ya kulala usiku mmoja au mbili

Hii ndiyo dalili inayotajwa zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi, kwa sababu watu hukimbilia kuibonyeza nibu kwa nguvu kwenye karatasi mpaka meno yake yakapanuka. Kabla ya kufanya lolote, chovya ncha ya nibu kwenye tone la maji, uifute kidogo kwa kitambaa, kisha uandike. Ikiwa itaanza mara moja na kuendelea vizuri, basi njia ya wino iko wazi na kilichotokea ni kukauka tu kwenye ncha. Ikiwa itaandika neno moja la rangi hafifu kisha ikakata tena, wino haufiki kwenye nibu, na hapo tatizo liko kwenye ulimi mweusi ulio chini ya nibu au kwenye wino wenyewe.

Tuchukue hali ya kwanza, ya kukauka. Toa kiini cha kalamu, yaani kile kipande kizima chenye nibu, ulimi na mahali pa kuchomeka katriji (kibomba kinachouzwa kikiwa na wino ndani), kisha tazama ndani ya mdomo wa mwili mtupu ukiuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kilango kikiwa kimefunga sawasawa hutaona mwanga ukipita. Ukiona upenyo mwembamba kama mwezi mwandamo, kilango hakifungi. Mara nyingi sababu si springi iliyochoka, bali ni uzi wa pamba kutoka mfukoni, chembe ya mchanga, au ukoko wa wino ulioganda kwenye bawaba yake. Loweka sehemu ya mbele ya mwili, ikiwa imetengwa na sehemu ya kitufe, katika maji ya uvuguvugu kwa saa moja, uitikise ndani ya maji, kisha uiache ikauke kwa kusimama. Usiingize pini wala njiti, maana kilango ni chembamba na kikipinda hakuna fundi atakayekinyoosha.

Maji yenyewe ni jambo la kuangaliwa. Visima vingi vya mji wetu vina chumvi, na maji ya aina hiyo yakikauka huacha unga mweupe pale pale ulipokuwa unasafisha. Tumia maji ya mvua, maji ya kunywa ya chupa, au maji matamu ya upande wa Shela.

Ikiwa kilango kinaonekana kizima na bado nibu inakauka, fanya jaribio la usiku mbili. Usiku wa kwanza iache kalamu mezani kama kawaida, nibu ikiwa ndani. Usiku wa pili itie ndani ya chupa yenye mfuniko unaokaza vizuri, nayo imesimama nibu juu. Ikiwa asubuhi ya pili inaandika mara moja ilhali ile ya kwanza ilikataa, hewa inapita kwenye kilango hata kama jicho halioni. Ikiwa asubuhi zote mbili inakataa, acha kukituhumu kilango na ubadilishe wino.

Jambo moja huwashangaza wengi: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo kwa kweli huchelewesha wino kukauka. Kinachokausha nibu hapa kwetu ni mwendo wa hewa. Kalamu iliyoachwa wazi chini ya feni, au barazani katika miezi ya kaskazi, hukauka upesi kuliko iliyoachwa kwenye saraka ya chumba kile kile. Mwenye mazoea ya kufikiri kwa muda mrefu kati ya sentensi na sentensi airudishe nibu ndani kila anaposimama, kwa kuwa kitufe kiliwekwa kwa ajili hiyo hasa.

Kwa upande wa uchaguzi, dalili hii ina funzo ambalo wauzaji hawalisemi. Kalamu ya nibu inayorudi ndani, hata iliyo nzima na mpya, humfaa mtu anayeandika kila siku au kila baada ya siku chache. Anayeandika barua moja kwa mwezi asiinunue. Huyo atahudumiwa vyema zaidi na kalamu ya kifuniko, hasa zile za Platinum ambazo ndani ya kifuniko chake mna kifuniko kingine chenye springi kinachoibana nibu isipate hewa.

Vidole vinaumia, au nibu inageuka kila mara mkononi

Hapa hakuna kilichoharibika. Kalamu hizi hubebwa nibu ikitazama juu, ili wino usiteremke na kujaa mdomoni, na kwa sababu hiyo kibanio cha mfukoni huwekwa upande wa nibu, pale pale ambapo vidole hushika. Mtu anayeshika kalamu kwa vidole vitatu, kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, hukuta kibanio kimelala katikati ya vidole hivyo na hata humsaidia kuielekeza nibu. Anayeshika kwa kuviringisha kidole gumba juu ya kalamu, au kwa vidole vinne, hukuta kibanio kinamchoma.

Lakini kuna kundi la tatu, nalo ni kubwa hapa kuliko mahali pengine, na sijaona likitajwa. Wengi wetu mkono wetu ulifunzwa kwanza madrasani, kwa herufi za Kiarabu, na wengine kwa kalamu ya mwanzi iliyokatwa kwa mshazari. Mkono uliofunzwa hivyo huizungusha kalamu kidogo kando ili kupata upana wa mstari unaotakiwa. Kibanio kilichosimama juu ya nibu hakikubali mzunguko huo: ama kitaisukuma nibu isimame wima, ama wewe utaishika kalamu kwa shida na kona moja tu ya nibu ndiyo itakayogusa karatasi. Matokeo yake ni mstari unaokatika na mkwaruzo upande mmoja, na mwenye kalamu hudhani nibu ni mbovu. Maalimu mmoja wa mtaa wa Langoni alikwisha kubadilisha kiini kizima kwa gharama kubwa kabla hatujagundua kwamba kiini cha kwanza kilikuwa hakina kasoro yoyote.

Kabla ya kununua, jipime nyumbani bila gharama. Chukua kalamu yoyote yenye unene wa kidole cha mwisho, funga njiti ya kiberiti juu yake kwa uzi, ukianzia kama sentimita mbili na nusu kutoka nchani, njiti ikiwa imelala sambamba na mwili. Andika kurasa mbili kamili, moja kwa herufi za Kirumi na moja kwa herufi za Kiarabu ikiwa unaziandika. Ikiwa kwenye ukurasa wa pili umekwisha kuisahau njiti, Capless itakufaa. Ikiwa umeigeuza kalamu ili kuikwepa, utaigeuza na hiyo ya bei kubwa. Hapo tafuta Majohn A1 isiyo na kibanio, kwa kuwa hutengenezwa kwa namna zote mbili, au Curidas, ambayo kibanio chake huweza kutolewa na kubakiza kijinundu kidogo tu. Dialog 3 imelitatua jambo hili kwa ustadi mwingine: nibu inapotoka, kibanio chake hujilaza karibu na mwili. Tatizo lake ni uzito, kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote nilizozitaja, na anayeandika kurasa nyingi kwa mkupuo ataukumbuka uzito huo jioni. Capless ya kawaida ina takriban gramu 30 kwa sababu mwili wake ni wa shaba, na Decimo, yenye mwili wa alumini, ina takriban gramu 21. Mwenye mkono mdogo aanzie hapo.

Wino hauteremki hata baada ya nibu kuloweshwa

Swali la kwanza ninalomuuliza mwenye kalamu ni hili: umetia wino gani? Katika mji huu wino una maana zaidi ya moja. Wino mweusi wa kalamu ya mwanzi, unaotengenezwa kwa masizi na gundi ya mti, ni mzuri mno kwa kalamu ya mwanzi na ni mauti kwa kalamu ya nibu, kwa sababu gundi hukauka ndani ya mifereji ya ulimi ambayo ni myembamba kama unywele. Zafarani ya kuandikia kombe, yale maandishi ya dawa yanayooshwa na kunywewa, nayo isiingizwe hata mara moja: ina chembe, na pia haikukusudiwa kukaa ndani ya bomba. Wino wa wachoraji wa ramani, ambao haufutiki kwa maji, huwa na utomvu unaoganda vivyo hivyo. Chupa ya wino iwe imeandikwa wazi kwamba ni ya kalamu za wino.

Haja ya wino usiofutika ni ya kweli kwa waandishi wa hati za ndoa na za ardhi, kwa kuwa paa huvuja wakati wa masika na karatasi husafirishwa kwa mashua. Kuna wino wa masizi uliosagwa laini sana kwa ajili ya kalamu za wino, kama Carbon wa Platinum, na huo nauruhusu kwa sharti kwamba kalamu iandike kila siku na ioshwe kila baada ya wiki mbili. Katika kalamu yenye kilango kisichofunga vizuri siuruhusu kabisa. Wino wa buluu-nyeusi wenye madini ya chuma una asidi, na usiachwe ndani ya kalamu yenye nibu ya chuma kwa miezi.

Kuzibua hufanywa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, linalopatikana katika duka lolote la dawa. Sukuma maji ya uvuguvugu kupitia nyuma ya kiini, polepole, mpaka yatoke meupe. Ikiwa yanatoka kwa matone tu, loweka kiini usiku kucha na urudie. Katika kiini cha Capless, nibu na ulimi visitenganishwe na asiye na uzoefu, na kwa kweli hakuna haja hiyo.

Matone ya wino mdomoni, na vidole au kanzu kuchafuka

Angalia kwanza jinsi ulivyojaza. Ili kujaza kwa kunyonya, kiini hutolewa mwilini na nibu nzima huzamishwa kwenye chupa. Wino unaobaki juu ya ulimi na shingo ya kiini usipofutwa kwa kitambaa, utapakwa kwenye kilango mara ya kwanza utakapobonyeza, kisha kilango kitaupaka kwenye mdomo wa kalamu na mdomo utaupaka kwenye vidole. Mwenye kalamu huona uvujaji ilhali ni ufutaji uliokosekana. Futa kiini, futa na mdomo kwa ndani kwa pamba iliyoloweshwa, kisha ungoje siku mbili. Tone lisiporudi, hapakuwa na tatizo jingine.

Likirudi, fikiria joto. Hewa iliyomo katika katriji iliyobaki nusu hutanuka inapopata joto, na mtanuko huo huusukuma wino nje. Kalamu iliyokaa juani kwenye mashua, au iliyobanwa kifuani siku nzima, hutoa wino kwa namna hiyo. Ndege hufanya vivyo hivyo kwa sababu nyingine, kwani shinikizo la hewa ndani ya ndege hupungua inapopanda. Anayeondokea uwanja wa ndege wa Manda aijaze kalamu yake kabisa au aimwage kabisa, na aibebe nibu juu mpaka ateremke.

Kanzu iliyochafuka kwa baka moja kubwa ina chanzo tofauti: kitufe kilibonyezwa mfukoni na nibu ikatoka. Hilo hutokea kalamu inapotupwa katika mfuko wa pembeni pamoja na funguo na simu. Ibanwe kwa kibanio chake kwenye mfuko wa kifuani. Asiye na mfuko huo achague kalamu ya kuzungushwa, kwa kuwa si rahisi mwili ukazunguka wenyewe.

Kitufe kinakwama, au nibu inatoka nusu

Mara nyingi kiini hakikukaa mahali pake. Kina ukingo mdogo unaopaswa kuingia katika mfereji uliomo mwilini, na kikiwekwa kwa kupinda kidogo mwili utakaza kwa shida na nibu haitafika mwisho. Usikaze kwa nguvu. Fungua, zungusha kiini mpaka kitulie, kisha ukaze. Katika Capless, anayetumia katriji aangalie pia kwamba ameivika kile kifuko cha madini kinachokuja na kalamu, kwa sababu kitufe husukuma juu ya kifuko hicho. Nimekuta vifuko vingi vimetupwa pamoja na boksi.

Ikiwa unasikia mkwaruzo unapobonyeza, ni mchanga. Osha, kausha, usitie mafuta: mafuta hutembea mpaka kwenye nibu na wino hauandiki juu ya mafuta. Springi iliyoshika kutu kwa hewa ya chumvi haina dawa. Kwa anayeishi karibu na maji, kuisuuza kalamu kila mwezi kwa maji matamu huikinga springi kuliko jambo lolote.

Wino unaisha mapema

Hili ni umbile la kalamu. Nibu na springi hula nafasi, na kinachobaki kwa wino ni kidogo. Konvata, yaani kibomba cha kunyonyea wino kutoka chupani, ya Pilot iitwayo CON-40 huchukua takriban mililita 0.4, wakati katriji ya Pilot huchukua karibu mililita 0.9, yaani zaidi ya mara mbili. Konvata kubwa ya CON-70, ambayo wauzaji wengine huipendekeza, haiingii katika Capless. Ushauri wangu ni kununua katriji mara moja, na zikiisha kuzijaza tena kwa bomba la sindano kutoka kwenye chupa. Katriji moja hujazwa hivyo mara nyingi kabla mdomo wake haujalegea, na ni njia nafuu katika mji ambamo katriji mpya huagizwa Mombasa au Nairobi na kungojewa.

Mstari ni mnene mno, au wino unasambaa

Jaribu karatasi nyingine kwanza, maana daftari za shule hunyonya wino kama tambi ya taa. Ikiwa kwenye karatasi nzuri bado ni mnene, nibu yako ni pana kuliko mwandiko wako. Kwa desturi nibu za Kijapani zenye alama F (nyembamba) huandika wembamba kuliko za Ulaya zenye alama hiyo hiyo, kwa hiyo aliyezoea M (ya kati) ya Pilot asiagize M ya Lamy akitarajia mstari ule ule. Kwa daftari za kawaida chagua F ya Kijapani. Anayeandika zaidi herufi za Kiarabu achukue M au B (pana), ingawa wino utachelewa kukauka na mkono wa kulia unaotoka kulia kwenda kushoto utaupitia kabla haujashika. Aweke karatasi ya kukaushia wino chini ya kiganja.

Uzuri wa Capless ni kwamba kiini kizima chenye nibu ya upana mwingine hununuliwa peke yake na kuchomekwa katika mwili ule ule. Nibu ikianguka kwenye sakafu ya chokaa na kupinda, huhitaji kalamu mpya. Kabla ya kulipia kalamu nyingine yoyote ya aina hii, muulize muuzaji kama anaweza kukuletea kiini peke yake na kwa bei gani, na umtake akuoneshe kwamba kilango kinafunga mbele ya dirisha lenye mwanga.